Pua ya Shangazi na Nafasi Moja Iliyobaki

Jumatatu, 6 Oktoba

Katika ukoo wetu watu wenye akili ni watatu, na wawili kati yao ni mimi. Wa tatu ni Shangazi, ila akili yake inavuta hewa kwa mdomo, maana pua imeziba. Nimeanza kuandika leo ili siku nikiwa mtu mkubwa waandishi wa habari wasihangaike.

Shule niliishia kidato cha pili. Watu husema nilifukuzwa. Uongo. Tuliachana kwa makubaliano: wao walikubaliana, mimi nikaambiwa.

Haya, habari yenyewe. Shangazi ni fundi cherehani, ndiye aliyenilea, na hajalala kitandani tangu sijui mwaka gani. Akijilaza tu, pua inajifunga kama duka lililosikia mkaguzi anakuja. Basi hulala amekaa, kisogo ukutani, mdomo wazi, na asubuhi hunywa maji kama aliyevuka jangwa. Hanusi kitu. Juzi aliunguza suruali ya mteja kwa pasi. Mimi nilinusa nikiwa barabarani, na mimi mwenyewe natumia tundu moja tu la pua. La kushoto ni pambo.

Sasa hospitali imepata daktari bingwa wa pua, mgeni. Anapasua wiki hii tu, halafu anaondoka, na lini atakuja mwingine hakuna ajuaye. Nafasi zimejaa isipokuwa moja. Hiyo moja inagombewa na watu wawili: Shangazi wangu, na Kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Kinyozi naye pua yake ni ukuta. Akimwita mama yake, baba yake ndiye huitika.

Nani apate? Nilidhani ni suala la kujuana, nikaanza kutafuta wa kujuana naye. Kumbe hapana. Ipo mashine inayopima hewa inavyohangaika kupita puani, na Bingwa hamgusi mtu ambaye hajapimwa. Nimemwandikisha Shangazi. Nimejiandikisha na mimi, nikaione hiyo mashine ana kwa ana. Mtu hapangi vita na asiyemjua.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeona ajabu. Naandika polepole nisiiharibu.

Chumba chenyewe kidogo, ghorofa ya pili. Dirisha limefungwa, feni imezimwa, kipimajoto ukutani. Mwenye chumba ni dada mmoja ambaye kila mtu anamwita Mpimaji. Mrefu, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, sauti ya chini. Ya chini, lakini watu wazima na ndevu zao wanakaa pale kama watoto wa chekechea. Mimi nilikuwa nimepanda ngazi mbilimbili ili niwe wa kwanza. Akakitazama kifua changu kinavyopanda na kushuka, akasema nikae nusu saa nitulie, maana pua ya mtu aliyekimbia hufunguka, na yeye hapimi riadha. Nikauliza kama naweza kwenda kunywa chai wakati nasubiri. Akasema chai ya moto nayo huichezea pua. Nikauliza ni kitu gani basi hakiichezei pua. Akasema kunyamaza.

Shangazi, aliyenisindikiza, alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia Mpimaji, binti yangu, miaka yote hii mimi nilikuwa natafuta dawa hiyo.

Kisha kazi. Nimelelewa na fundi, mikono ya fundi naijua, lakini mikono kama ile sijawahi kuiona. Tundu moja la pua analiziba kwa plasta, katikati ya plasta unapita mrija mwembamba kama utambi. Halafu barakoa juu ya uso. Unafunga mdomo, unavuta hewa kwa tundu lililobaki, taratibu, kama mtu asiye na deni. Mrija unasoma msukumo. Barakoa inasoma hewa inayopita. Kompyuta inagawa hiki kwa kile, na namba inatoka. Namba hiyo inaitwa ukinzani, yaani hewa inapigwa vita kiasi gani njiani. Ukinzani! Nimeishi miaka yote hii na ukinzani puani bila kutambulishwa.

Na uangalifu wake sasa. Plasta yangu ilikuwa inavuja kidogo, uvujaji ambao mimi mwenye pua sikuusikia. Yeye aliuona kwenye mstari wa kompyuta. Akabandua, akafuta jasho, akabandika upya, akaanza tena. Akarudia mpaka mistari ikalaliana kama nywele zilizochanwa. Angeweza kuandika ile ya kwanza akaenda zake. Nani angejua? Lakini ndiyo kazi yake ilivyo, na mimi nilibaki nimeduwaa ndani ya barakoa.

Namba yangu ya kushoto ikatoka kubwa. Nikarusha ngumi juu. Nikamwambia Kinyozi, aliyekuwa kwenye benchi anangoja zamu, kwamba nimeongoza darasa kwa mara ya kwanza maishani. Mpimaji, bila kugeuka, akasema namba kubwa maana yake pua mbovu, kwa hiyo hongera. Kinyozi akapiga makofi.

Akanitilia matone ya dawa puani, tukasubiri, akanipima tena. Namba ikaanguka chini ya nusu. Akaeleza, na alieleza vizuri. Nyama za ndani ya pua huvimba, na matone huzifanya zinywee. Lakini mfupa na ukuta wa katikati havijui matone. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa halafu ikashuka sana, huo ni uvimbe, mtu anapewa dawa ya kupuliza na kurudi kwao. Namba ikiwa kubwa na isishuke, ukuta umepinda. Huyo ni wa Bingwa. Mambo mawili. Nilishika la kwanza, namba iwe kubwa, maana jambo muhimu ndilo hutangulia.

Kwa hiyo mimi ni uvimbe tu. Sawa. Kinyozi namba yake ilikuwa kubwa, na baada ya matone haikutikisika. Alitoka pale anatembea kama baba wa mtoto aliyefaulu.

Kabla ya kuondoka nilimweleza Mpimaji nilivyoielewa mashine. Nikasema ni kama korido ya shule kengele ikilia. Huwezi kuijua korido kwa kuhesabu wanafunzi wanaotoka tu, lazima uangalie na wanavyosukumana. Akavaa miwani ili anitazame vizuri. Akasema nina kichwa cha kupimia. Mbele ya Shangazi alisema. Mbele ya Kinyozi. Nimeandika hapa ili isipotee.

Zamu ya Shangazi ni Alhamisi.

Jumatano, 8 Oktoba

Kinyozi alivuka barabara asubuhi kuja kutuchokoza. Akaniita Profesa. Akauliza kama pua yangu imeshapona kwa aibu. Kisha akamgeukia Shangazi, akamwambia, dada yangu, ukiipata wewe hiyo nafasi mimi sitanuna. Akafikiri. Akasema atanuna kidogo. Shangazi akamjibu kwamba na yeye hivyo hivyo, na amrudishie mkasi wake. Wanapendana hawa. Ndiyo maana kuwapigania kunachosha.

Lakini na yeye mambo yake si ya kucheka. Jana alisinzia amesimama, akamnyoa mteja unyusi mmoja wote. Usingizi usiompata kitandani humfuata kazini, akiwa na wembe mkononi. Mteja alipojiona kwenye kioo akaanza kutetemeka. Kinyozi akamwambia atulie, akanyoa na wa pili ili zilingane.

Mchana nikakaa na kuwaza. Namba ya Kinyozi ni kubwa. Ya Shangazi je, ikitoka ya wastani? Pua ina siku zake kama mtu. Inaweza ikaamua Alhamisi hiyohiyo kuwa na adabu. Mwanamke amengoja miaka yote hii alale chali kama watu wengine, halafu tumwachie bahati? Haiwezekani. Namba lazima isaidiwe.

Nikaingia stoo kufanya utafiti. Nilijaribu kila kitu kwenye pua yangu mwenyewe, maana mwanasayansi wa kweli huanza na nafsi yake. Sabuni ya unga: machozi tu. Ufagio mkavu: chafya, lakini njia wazi. Kisha nikaliona blanketi la babu juu ya kabati, ambalo halijaona jua tangu babu mwenyewe alipoacha kuliona. Nikalikung'uta mara moja. Mara moja tu! Chafya zikanipiga mfululizo, na tundu langu la kulia, ambalo ndilo zima, likafunga kabisa. Nikakaa sakafuni navuta hewa kwa mdomo kama samaki aliyetolewa majini, furaha imenijaa.

Na uzuri wake ni huu. Mtu mwenye pua angesikia harufu ya vumbi akauliza. Shangazi hanusi. Mungu akikupa hila, hukupa na wa kumfanyia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Asubuhi kulikuwa na mawingu mawili matatu. Nikamwambia Shangazi ana baridi. Akasema hana. Nikasema anayo ila haijamfikia. Alikuwa anamalizia kola za sare za shule. Nikamtandikia blanketi mabegani, nikalivuta mpaka kidevuni, nikalipigapiga kwa mapenzi.

Akasimamisha cherehani. Akasema, mwanangu, tangu kaka yangu afariki hakuna mtu aliyenifunika. Kaka yake huyo ni baba yangu. Akasema kumbe nimekua na yeye hakuwa ameona. Machozi yakamlengalenga. Nikapigapiga zaidi.

Tulipofika kwenye ngazi za hospitali alikuwa anapiga chafya kila daraja. Mpimaji akamkalisha muda mrefu kuliko alionikalisha mimi. Akamuuliza: mama, una mafua? Umefagia leo? Umekaa penye moshi? Shangazi akasema hapana, binti yangu, leo hata kikombe sijaosha, huyu kijana amenitunza kama yai. Mpimaji akanitazama. Mimi nikasoma kipimajoto. Kilikuwa sawa.

Namba ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko ya Kinyozi, tena kwa mbali. Nilijikaza nisicheze. Nikaanza hata kumwonea Kinyozi huruma, nikapanga maneno ya kumpa pole.

Matone. Kusubiri. Namba ya pili.

Imeporomoka. Mpaka chini ya nusu, na zaidi.

Nikamwambia Mpimaji mashine yake imeharibika. Akabandua plasta, akabandika upya, akapima. Akabadilisha tundu, akapima. Akarudia tena, kwa uvumilivu uleule aliokuwa nao Jumanne, kana kwamba hakuna mtu mwingine kwenye foleni. Mistari ikalaliana. Namba ikabaki chini. Ndipo lile jambo la pili la Jumanne, ambalo sikulishika, likaja lenyewe kunishika. Uvimbe ndio unaoshuka. Na uvimbe ule nimeupanda mimi, kwa mikono yangu, kwa blanketi la marehemu. Ukuta uliopinda upo palepale alipozaliwa nao, ila umesimama nyuma ya vumbi langu na hauonekani.

Utaratibu wao ni kwamba namba ikishuka hivyo, mtu aanze na dawa, arudi baada ya miezi apimwe upya. Haijalishi analia au anacheka.

Mpimaji akaniita koridoni. Akafunga mlango nyuma yake. Akasema pua ya shangazi yangu imechokozwa na kitu, yeye hajui ni nini. Akasema mashine yake inapima inachokikuta, haiwezi kuuliza kilitoka wapi, kwa hiyo kuuliza ni kazi yake yeye. Orodha inafungwa saa kumi leo. Nikimwambia kulikuwa na kitu, vumbi, moshi, chochote kile, ataandika kwamba kipimo cha leo hakifai, atampima mama kesho alfajiri pua ikiwa imetulia, na nafasi itamngoja, maana kati ya wale wawili yeye ndiye aliyeugua muda mrefu zaidi. Nisipomwambia, hana sababu ya kuandika hivyo, na yeye haandiki asichokijua.

Mdomo wangu ulifunguka. Neno lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi, tayari limevaa viatu.

Kisha akaongeza kwamba ananiuliza mimi kwa kuwa nina kichwa.

Nikasema hakuna kitu, dada. Nikasema sisi ni watu wasafi sana.

Akangoja kidogo. Yule dada anajua kungoja. Halafu akarudi ndani.

Shangazi amepewa chupa ya dawa ya kupuliza na ameambiwa arudi mwezi wa kwanza. Tulitembea mpaka kwenye kona yetu. Hapo akanishika bega akaniambia nisisikitike, nimefanya kila nililoweza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kinyozi amepasuliwa. Shangazi aliomba nimsindikize kumwona. Nikasema nina kazi. Akauliza kazi gani. Nikasema ya kufikiri. Akaenda peke yake na chupa ya supu. Anasema Kinyozi amejazwa pamba puani mpaka macho yamekuwa madogo, na anajaribu kuongea, na sasa hata baba yake hawezi kuitika.

Alishika mkono wa Shangazi, hakuuachia mpaka muuguzi alipokuja.

Jumapili, 12 Oktoba

Jana Bingwa aliondoka. Nilipita hospitali kuona kama Mpimaji anahitaji msaidizi mwenye kichwa. Nilimkuta anasafisha barakoa moja moja, anazianika kwenye taulo kwa mstari ulionyooka. Hata kuosha anaosha kwa heshima. Nilisimama pale nikatazama muda, nikasahau nilichokuja kusema. Aliponiona nikakumbuka, nikasema. Akajibu kwamba vichwa anavyo vya kutosha, anachokosa ni mtu wa kumjibu akiuliza. Alisema kwa upole. Nikajifanya simwelewi, nikasifia taulo.

Nimetafakari sana tangu hapo, na nimegundua kosa lilikuwa la kiufundi. Nilishughulikia namba ya kwanza, kumbe siri yote iko kwenye ya pili. Mwezi wa kwanza nitafanya kinyume. Siku ya kipimo, kabla Shangazi hajaamka, nitamtilia kwa siri matone kama yale ya Mpimaji, nitakayonunua duka la dawa. Analala ameinua kidevu, ni kama amejiandaa. Tukifika hospitali uvimbe wote utakuwa umekwisha kunywea, matone ya Mpimaji yakija hayatakuta kazi, namba haitashuka hata kidogo, na Bingwa mwingine akifika tu, Shangazi wa kwanza. Hila safi. Haina hata vumbi.

Tatizo dogo ni ile dawa ya kupuliza. Shangazi ameanza kuitumia na anasema anasikia unafuu kidogo. Unafuu unaweza kuniharibia hesabu. Naangalia uwezekano wa kuificha chupa.

Kinyozi amekuja leo jioni, pamba zimetolewa, pua nyekundu kama pilipili. Akasimama mlangoni pa duka akafumba macho. Akasema kuna harufu ya kitambaa kipya. Akasema hakujua kama kitambaa kina harufu. Shangazi akaacha kazi akaanza kumletea vitu anuse, mafuta ya cherehani, chaki, kahawa, na kila Kinyozi akipatia, Shangazi anacheka kama ni yeye aliyenusa. Yeye mwenyewe aliinusa ile kahawa baada ya Kinyozi, kwa kujaribu tu, akairudisha kwenye rafu.

Kwa jumla wiki imekwenda vizuri. Mashine nimeielewa. Nimesifiwa na mtu anayejua. Nimefanya utafiti na mpango upo.

Kilichoharibika ni kimoja. Nafasi ile ilikuwa ya Shangazi. Iliwekwa mikononi mwangu koridoni ikingoja neno moja, nami nikadanganya, ili dada wa watu aendelee kuniona nina kichwa. Shangazi hajui. Anamsimulia kila mteja nilivyomfunika blanketi Alhamisi ile, bila kuombwa, kama mwana. Leo alimsimulia Kinyozi. Nilikuwepo. Kinyozi akasema hongera, Profesa, na safari hii hakuwa ananitania. Nikasema asante.